Picha Mbele ya Mwamuzi: Mashindano ya Wapiga Picha na Faida Yake

Mkulima apelekaye fahali wake kwenye maonyesho ya kilimo anajua kwamba siku hiyo mnyama wake hatatazamwa kwa macho ya mtu ampendaye. Mwamuzi atamzunguka, atampapasa mgongo, atamtazama miguu na kwato, kisha ataandika alama katika karatasi yake bila kuuliza kama fahali huyo ni wa mtu mkubwa au wa mtu mdogo. Mwenye mali husimama kando akiwa kimya. Akishindwa, huenda akarudi nyumbani amenuna. Lakini kama ni mtu mwenye akili atauliza ni kasoro gani iliyoonekana, na mwaka utakaofuata ataleta mnyama aliye bora zaidi.

Yako mashindano mengine ya namna hiyo ambayo watu wengi hawajapata kuyahudhuria, nayo ni mashindano ya picha yanayofanywa na vyama vya wapiga picha. Katika mashindano hayo hakuna mbio wala kelele za washangiliaji. Kuna taa, picha zilizobandikwa juu ya kadibodi, na mtu mmoja au watatu wenye kuzitazama. Hata hivyo jambo linalopimwa hapo si dogo. Mtu aliyefanya kazi kwa jicho lake na kwa mikono yake, yampasa kuikubali hukumu ya mwingine kwa kiasi gani? Na je, uko wakati ambapo yampasa kuikataa?

VYAMA VYA WAPIGA PICHA

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839, na Bwana Louis Daguerre katika Ufaransa na Bwana William Henry Fox Talbot katika Uingereza. Namna ya Daguerre ilitoa picha moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Namna ya Talbot ndiyo iliyozaa picha za karatasi ambazo watu wameziweka majumbani mwao kwa miaka mingi. Kwanza hupatikana sura ya kinyume, ambayo ndani yake kitu cheupe huonekana cheusi na kitu cheusi huonekana cheupe. Sura hiyo huitwa negativu. Kisha katika negativu moja zaweza kutolewa picha nyingi za karatasi.

Kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ngeni, tena yenye gharama na dawa nyingi, watu waliona yafaa wakutane ili wafundishane. Chama cha wapiga picha cha London kiliundwa mwaka 1853, na mwaka uliofuata kikafanya maonyesho yake ya kwanza. Mwaka 1894 Malkia Victoria alikiruhusu kujiita chama cha kifalme, nacho kingali hai hata leo.

Mwanzoni kamera ilikuwa chombo cha watu wachache. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa Marekani alitoa kamera ya Kodak, iliyouzwa kwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mnunuzi alibonyeza tu, kisha akaipeleka kamera yote kiwandani ili filamu isafishwe na nyingine itiwe mahali pake. Mwaka 1900 ikaja kamera ya Brownie, ambayo bei yake ilikuwa dola moja. Tangu hapo hata kijana wa shule aliweza kupiga picha, na vyama vikaenea katika miji mingi.

Wanachama wa vyama hivyo, kwa desturi, si watu wa studio ambao huishi kwa kazi hiyo. Ni makarani, waalimu, waganga, wafanya biashara na mafundi, ambao hushika kamera baada ya kazi zao za kila siku. Hawapati mshahara kwa picha zao. Wanachotafuta ni kuifanya kazi vizuri zaidi kuliko walivyoifanya mwaka uliopita, na mashindano ndiyo kipimo chao.

JINSI MASHINDANO YANAVYOENDESHWA

Kila chama kina kanuni zake, lakini mambo makubwa hufanana. Mwanachama huchagua picha chache, aghalabu mbili au tatu. Kila moja hubandikwa juu ya kadibodi ngumu. Katika vyama vingi vya Uingereza kadibodi hiyo huwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 40, ili picha zote zipangwe kwa usawa. Jina la picha huandikwa nyuma, lakini jina la aliyeipiga halionyeshwi kwa mwamuzi. Hii ndiyo nguzo ya shughuli yote. Picha ya karani aliyejiunga juzi na picha ya mwenyekiti wa chama huwekwa mahali pamoja, chini ya taa moja, na hakuna heshima ya cheo inayoweza kuisaidia hata moja.

Mwamuzi kwa desturi huitwa kutoka chama kingine, ili asizijue kazi za wenyeji. Picha huwekwa moja moja mbele yake, na mtu mmoja husoma jina lake kwa sauti. Mwamuzi huisogelea akaichungulia kwa karibu, kisha hurudi nyuma akaitazama kwa mbali. Halafu husema mbele ya watu wote ni lipi jema na lipi baya, na kutoa alama, mara nyingi kwa hesabu ya 20. Zile anazoziona bora hutengwa kando, na mwishoni hulinganishwa tena mpaka wapatikane wa kwanza, wa pili na wa tatu. Katika mashindano makubwa waamuzi huwa watatu. Kila mmoja hutoa alama zake bila kushauriana na wenziwe, na jumla ndiyo inayoamua.

Je, mwamuzi hutazama nini? Kwanza hutazama kama kitu kilichokusudiwa kinaonekana. Ikiwa ni picha ya mama anayepepeta nafaka, jicho la mtazamaji laenda kwa mama huyo na ungo wake, au lavutwa na shati jeupe lililoanikwa nyuma yake? Pili hutazama nuru. Je, weusi ni weusi wa kweli? Na weupe, bado una vitu ndani yake, au umekuwa mtupu kama karatasi isiyoandikwa? Tatu hutazama mpango wa vitu. Je, maji ya ziwa yamelala sawa, au yameinama kana kwamba yanataka kumwagika nje ya picha? Kuna mti unaoonekana kama umeota kichwani mwa mtu? Nne hutazama usafi wa kazi: madoa ya vumbi, alama za vidole, na kadibodi iliyokatwa upande.

Mwisho kuna jambo lililo gumu kupimwa kuliko yote, nalo ni kama picha ile inamwambia neno lolote mtu asiyewajua waliopigwa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Baba huiona sura ya mtoto wake katika picha, na moyo wake hujaa furaha. Picha hiyo huwa nzuri kwake hata kama uso wa mtoto umefichwa na kivuli cha kofia. Mwamuzi hamjui mtoto huyo. Yeye anaona kivuli tu.

KAZI IANZAYO BAADA YA KAMERA KUFUNGWA

Watu wengine hudhani kwamba mashindano ya picha ni mashindano ya kamera, yaani mwenye kamera ya bei kubwa ndiye atakayeshinda. Fikira hiyo si ya kweli. Jembe zuri halilimi lenyewe, na katika picha za karatasi nusu ya kazi hufanyika baada ya kamera kufungwa na kurudishwa katika mkoba wake.

Katika ufundi wa zamani, ambao wako wapenzi wanaoufuata hata leo, filamu husafishwa kwa dawa gizani ikatoka negativu. Negativu hutiwa katika mashine ya kukuzia, ambayo hupitisha nuru ndani yake na kuiangusha sura juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za fedha. Fundi mwangalifu hatumii karatasi nzima mara ya kwanza. Hukata ukanda mwembamba, akaufunua kidogo kidogo, ili sehemu moja ipate nuru kwa sekunde 5, nyingine kwa sekunde 10, nyingine 15 na nyingine 20. Akiutia ukanda huo katika dawa, huona kwa macho yake ni muda gani ufaao.

Kazi hiyo hufanyika chini ya taa hafifu, nyekundu au ya rangi ya chungwa, ambayo haiharibu karatasi. Katika dawa ya kwanza sura hujitokeza polepole, mfano wa mtu atokaye katika ukungu wa asubuhi. Dawa ya pili huizuia ile ya kwanza isiendelee kufanya kazi. Dawa ya tatu huikaza picha ili isiharibiwe na nuru. Mwisho picha huoshwa kwa maji safi kwa muda wa kutosha. Mwenye haraka hupunguza muda wa kuosha, na jioni ile hakuna atakayegundua. Lakini baada ya miaka picha yake hugeuka rangi na kufifia. Haraka haraka haina baraka.

Katika chumba hicho cha giza ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Ikiwa uso wa mtu unatoka mweusi mno, fundi huuzuilia nuru kwa kipande kidogo cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, akikitikisatikisa ili kisiache alama. Ikiwa mbingu zinatoka nyeupe tupu, huzikinga sehemu nyingine kwa viganja vyake na kuziachia mbingu peke yake nuru zaidi. Madoa madogo ya vumbi huyafunika mwishoni kwa brashi yenye ncha kama ya sindano.

Bwana Ansel Adams wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984, alijifunza kupiga piano kwa miaka mingi kabla ya kuishika kamera kuwa kazi yake. Yeye aliifananisha negativu na noti za muziki zilizoandikwa, na picha ya karatasi akaifananisha na muziki wenyewe unapopigwa. Kila mwimbaji wa kwaya ataelewa maana ya maneno hayo. Noti ni zile zile, lakini kwaya moja huwatoa watu machozi na nyingine huwatia usingizi. Picha yake mashuhuri ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, katika jimbo la New Mexico, aliipiga mwaka 1941 kwa haraka nyingi. Jua lilikuwa karibu kuacha kuiangaza misalaba ya makaburini, naye hakukipata kifaa chake cha kupimia nuru. Kuipiga kulikuwa jambo la muda mfupi. Lakini kuitoa katika karatasi kulikuwa kazi ya miaka, kwa maana aliitoa zaidi ya mara 1,000, na katika picha za baadaye alizifanya mbingu kuwa nyeusi kuliko zilivyokuwa katika zile za kwanza.

Siku hizi wapiga picha wengi hutumia kompyuta na mashine ya kuchapa kwa wino mahali pa chumba cha giza. Chombo kimebadilika, lakini maswali ya mwamuzi hayakubadilika.

MWAMUZI ALIYEMWINUA MWANAFUNZI

Habari za Bwana Alfred Stieglitz zaonyesha vema nguvu ya mashindano, na pia mipaka yake. Alizaliwa Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka mji wa New York, mwaka 1864. Wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani, na baba yake alifanya biashara ya sufu. Mwaka 1881 jamaa yote ilikwenda Ujerumani, na kijana akaingia chuo cha ufundi cha Berlin ili asome mambo ya mitambo. Huko alifundishwa elimu ya dawa za picha na Profesa Hermann Wilhelm Vogel. Tangu siku hizo mitambo haikumvuta tena. Mawazo yake yote yalikuwa katika kamera.

Mwaka 1887 alipeleka kazi yake kwenye mashindano yaliyotangazwa na gazeti la London liitwalo Amateur Photographer. Mwamuzi alikuwa Daktari Peter Henry Emerson, aliyezaliwa Cuba mwaka 1856, akasomea uganga katika Uingereza, kisha akauacha kwa ajili ya kamera na kalamu. Daktari huyo alikuwa amekwisha kujulikana kwa picha zake za wakulima na wavuvi wa mashariki ya Uingereza, watu waliokata matete na kuendesha mashua katika maji ya Norfolk. Kitabu cha picha hizo alikitoa mwaka 1886 pamoja na mchoraji T. F. Goodall. Aliamini kwamba mpiga picha yampasa kuwaonyesha watu katika maisha yao ya kweli, wala asiwavike nguo za kuazima na kuwasimamisha mbele ya pazia.

Imani hiyo ilimgombanisha na watu wenye sifa kubwa. Mmoja wao alikuwa Bwana Henry Peach Robinson, ambaye mwaka 1858 alionyesha picha ya msichana mgonjwa aliye karibu kufa, na jamaa zake wakiwa karibu naye. Watazamaji waliguswa sana. Lakini picha hiyo ilikuwa imetungwa kwa kuunganisha negativu tano. Daktari Emerson alizipinga picha za namna hiyo kwa maneno makali.

Mbele ya mwamuzi wa tabia hiyo ikaja picha ya mwanafunzi wa Berlin asiyejulikana. Ilionyesha watoto wa Bellagio, katika Italia, wakicheka. Hawakupangwa mstari kama askari wa gwaride, wala hawakukaza nyuso kama watu wanaongoja hukumu ya kesi. Daktari Emerson akaipa zawadi ya kwanza. Mwaka uliofuata Bwana Stieglitz akapata zawadi ya kwanza na ya pili katika mashindano hayo hayo. Hakuwa na rafiki wala ndugu wa kumsemea. Picha yenyewe ndiyo iliyomsemea, na kwa njia hiyo alijua kwamba jicho lake halikumdanganya. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini mwamuzi naye ni mwanadamu. Mwaka 1889 Daktari Emerson alitoa kitabu cha kufundisha imani yake juu ya picha, na wengi wakaanza kuifuata. Mwaka 1890 akaigeuka. Alichapa kijitabu chenye mpaka mweusi, mfano wa tangazo la kifo, akasema kwamba mafundisho yake ya kwanza yamekufa na kwamba upigaji picha hauwezi kuhesabiwa kuwa sanaa. Ikiwa mwamuzi mwenye elimu kubwa aweza kugeuka hivyo kwa muda mfupi, basi mshindani asiichukue hukumu ya jioni moja kuwa neno lisilobadilika milele.

KUNGOJA KATIKA THELUJI

Bwana Stieglitz alirudi New York mwaka 1890 na kuingia katika chama cha wapiga picha cha mji huo. Tarehe 22 Februari 1893 mji ulipigwa na dhoruba kali ya theluji. Theluji ambayo wakaaji wa Kenya huiona kwa mbali juu ya kilele cha mlima, siku ile ilijaa barabarani, na upepo uliipeperusha machoni mwa watu na farasi. Katika siku za namna hiyo wapiga picha wengi walikaa ndani. Vyombo vilikuwa vizito, nuru ilikuwa haba, na ilidhaniwa kwamba hakuna picha inayoweza kupatikana.

Bwana Stieglitz alitoka na kamera ndogo ya mkononi, akasimama kando ya barabara iitwayo Fifth Avenue. Alingoja kwa muda wa saa tatu. Alikuwa akitafuta wakati mmoja ambapo gari la farasi, njia za magurudumu katika theluji, na nyumba zilizofifia nyuma yake vitakaa mahali panapofaa. Hatimaye gari la abiria likaja likimwelekea, mwendeshaji akiwahimiza farasi, naye akabonyeza.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alipowaonyesha wenzake wa chama ile negativu, waliicheka. Waliona ukungu tu, wakamshauri aitupe. Walikuwa watu wenye ujuzi, nao walisema kweli kuhusu kitu kimoja: sura ile haikuwa kali, na sehemu kubwa yake ilikuwa na vitu visivyofaa. Lakini yeye alikumbuka kile alichokiona barabarani. Alikata kando za picha, akaliacha gari na farasi na theluji tu, akaitoa katika karatasi kwa uangalifu. Kile walichokiita ukungu kikaonekana kuwa dhoruba yenyewe. Picha hiyo ikaonyeshwa mahali pengi, ikawa mojawapo ya zile zilizomjulisha kwa ulimwengu, na nakala zake zimehifadhiwa katika nyumba kubwa za makumbusho.

Mwaka 1897 aliandika makala juu ya kamera ya mkononi, akaeleza habari za saa zile tatu. Aliwashauri wapiga picha wawe na saburi, wachague mahali, kisha wangoje mpaka vitu vyote vitakapokaa sawa. Tena hakuficha kwamba picha zake nyingi zilitolewa katika sehemu ndogo tu ya negativu. Ushauri huo ni wa zamani, lakini hata leo unamfaa mwenye simu yenye kamera, apigaye picha 40 kwa dakika moja na kutoitazama hata moja kwa makini.

MAONYESHO YASIYO NA NISHANI

Wakati ule ule kulikuwa na watu waliochoshwa na nishani. Waliona kwamba wapiga picha wengine wamezoea kupiga kile tu ambacho waamuzi hukipenda, na maonyesho yakawa yamejaa picha zinazofanana kama matofali. Mwaka 1892 baadhi yao walianzisha katika London umoja ulioitwa Linked Ring, na mwaka 1893 wakafanya maonyesho ambayo hayakuwa na zawadi yoyote. Picha ilichaguliwa au ikakataliwa. Kutundikwa ukutani ndiko kulikuwa heshima yake. Bwana Stieglitz alipokewa katika umoja huo mwaka 1894.

Katika New York pia kulikuwa na mabishano. Mwaka 1896 vyama viwili viliungana kuwa Camera Club, na tangu mwaka 1897 Bwana Stieglitz aliongoza gazeti la chama. Alichagua picha kwa ukali, na wanachama ambao kazi zao hazikuchapwa walinung'unika. Mambo yalifika mbali hata mwaka 1908 akafukuzwa chamani. Baadaye alirudishwa, lakini akajiuzulu mwenyewe. Yule aliyenufaika kwa hukumu ya kweli alipokuwa kijana, alipopata yeye kuwa mwamuzi wa wengine alionja uchungu wa upande wa pili. Kila aliyepata kuwa mwamuzi katika maonyesho ya mifugo au katika mashindano ya kwaya anaufahamu uchungu huo.

Swali la ukweli wa picha, ambalo Daktari Emerson alibishana juu yake, nalo halikwisha. Katika mwaka 2023 Bwana Boris Eldagsen wa Ujerumani aliikataa zawadi aliyopewa katika mashindano ya Sony World Photography Awards, akatangaza kwamba sura aliyoileta ilitengenezwa na kompyuta kwa akili bandia. Alisema alitaka kujaribu kama wenye mashindano wako tayari kwa jambo hilo. Tangu hapo imezidi kuwa lazima kila chama kiandike wazi katika kanuni zake ni kazi gani inayoruhusiwa na ni ipi isiyoruhusiwa.

LA KUKUBALI NA LA KUKATAA

Ukizitazama habari hizi zote pamoja, utaona kwamba katika kila picha kuna mambo mawili. La kwanza ni kazi ya mkono: kamera iliyoshikwa imara, upeo ulionyooka, dawa za kipimo sawa, maji ya kutosha, vumbi lililofutwa. Katika jambo hili mwamuzi mzuri hukosea mara chache sana, na mshindani anayebishana naye hujipotezea wakati. Nyani haoni kundule. Mtu mwenyewe hayaoni madoa yaliyo katika kazi yake, kwa sababu amekwisha kuyazoea.

La pili ni kile ambacho jicho lilikiona na likaona chafaa kuonyeshwa. Hapo mwamuzi aweza kusifu, na sifa yake yaweza kumwinua mtu kama ilivyomwinua mwanafunzi wa Berlin. Aweza pia kucheka, kama wenzake walivyocheka negativu ya dhoruba. Katika jambo hili yampasa mwenye picha asikilize kwa adabu, kisha arudi nyumbani na kujiuliza kama kweli aliona kitu. Ikiwa aliona, kosa ni kwamba hajakionyesha vya kutosha, na dawa yake ni kuitoa picha upya, si kuitupa. Naye aliyeshinda asijivune kupita kiasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kuanzisha mashindano hakuhitaji fedha nyingi. Watu kumi wa kijiji kimoja au wa ofisi moja waweza kukubaliana juu ya jambo moja la kupigwa picha, kama vile kazi za mikono, au siku ya soko, au mvua za kwanza. Kila mmoja atoe picha moja ya karatasi, zote ziwe za ukubwa mmoja, majina yafichwe nyuma kwa bahasha, na mwamuzi aitwe kutoka mahali pengine. Awe mtu mwenye macho mazuri na ulimi usio na matusi. Kila picha iandikiwe sentensi mbili, moja ya sifa na moja ya kasoro, na mwenye picha apewe maandishi hayo akae nayo.

Tena picha zenyewe zitunzwe. Joto, unyevu na vumbi ni adui wa filamu na wa karatasi, hasa katika nchi za pwani, ambako kuvu huingia upesi. Negativu ziwekwe katika bahasha safi, mahali pakavu, na kila bahasha iandikwe tarehe, mahali, na majina ya waliomo. Hata picha isiyopata alama nyingi mbele ya mwamuzi yaweza kuwa na thamani kubwa baada ya miaka 50, wajukuu watakapotaka kujua shamba lilikuwaje kabla ya barabara kupita, na babu yao alishikaje jembe lake.